Namna ya kuchagua risasi za kuwindia wanyama wakubwa: mwongozo kwa wawindaji wa Lubumbashi

Kila mwenye bunduki mpya hapa mjini anauliza maswali yaleyale. Kalibre ya .30-06 inatosha kwa pofu? Kwa mbogo nichukue blinde (isiyochanuka) au ile ya ncha laini? Na kwa nini mnyama amepigwa kifuani, watu wote wameona, halafu amekimbia na kupotea katika miombo?

Majibu ya maswali hayo yanapatikana katika kitu cha gramu 10 hadi 32 kinachotoka kwenye mdomo wa mtutu. Kalibre, yaani ukubwa wa risasi, inakupa nguvu tu. Kichwa cha risasi ndicho kinachoamua kama nguvu hiyo itafika kwenye mapafu au itaishia kwenye bega. Watu hutoa pesa nyingi kwa bunduki na darubini, kisha wanachukua kartoni yoyote iliyobaki dukani. Mnyama anayelipia uamuzi huo anakufa polepole, mbali, na nyama yake inaliwa na fisi.

Katika mwongozo huu, kartushi ni kitu kizima: ganda, kiwashio, baruti na kichwa. Kichwa ni kile kinachoruka. Ile metali laini na nzito iliyo ndani ya vichwa vingi tutaiita madini ya risasi, tusichanganye mambo.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Karatasi. Kibali cha kumiliki silaha (Sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985) na permi ya kuwinda (Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982). Upemba na Kundelungu ni hifadhi za taifa, hakuna kuwinda humo. Silaha ya vita haiwindi, hata kama mtu anakuambia kila mtu anaitumia. Ukivuka Kasumbalesa kwenda kuwinda Zambia, bunduki na kartushi zote ziwe zimeombewa kibali kabla ya safari. Kartushi tatu zilizosahaulika mfukoni mwa koti zinatosha kukulaza mahabusu.
- Bunduki iliyokaguliwa na fundi wa silaha, mtutu ukiwa safi.
- Kartoni mbili za aina tofauti kwa majaribio, na baadaye kartoni tatu za aina moja utakayochagua.
- Uwanja wa kulengea wenye ukuta mnene wa udongo nyuma, umbali wa mita 100, na ruhusa ya mwenye uwanja.
- Mifuko miwili ya mchanga, karatasi za shabaha, vizibo vya masikio, miwani.
- Kipimo cha milimita (pied à coulisse, ile ya mafundi wa gereji), na mizani midogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Wanunuzi wa dhahabu wanayo.
- Daftari.

Hatua ya 1: Andika mnyama mkubwa kuliko wote utakayempiga

Usiandike yule unayetarajia kumkuta. Andika mkubwa kuliko wote aliye kwenye permi yako, maana ndiye atakayesimama mbele yako kwa pembe mbaya saa kumi na moja jioni.

Wanyama wetu wako katika ngazi nne. Ngazi ya kwanza ni ngiri, pongo, tohe na swala, kilo 30 hadi 100. Ya pili ni tandala, palahala, korongo, kongoni, kuro na punda milia, kilo 120 hadi 300. Ya tatu ni pofu peke yake, kwa sababu dume lake hupita kilo 700 ingawa umbo lake ni la swala. Ya nne ni mbogo na kiboko, ambao wanaweza kukurudia.

Ukitaka kipimo cha sheria, Zimbabwe wameandika viwango vilivyo wazi kuliko nchi nyingi. Kwa mbogo, kipenyo kisichopungua milimita 9.2 na nishati isiyopungua jouli 5,300. Kwa pofu na simba, milimita 7 na jouli 4,300. Kwa tandala, palahala na punda milia, milimita 7 na jouli 3,000. Kwa ngiri na swala pala, milimita 5.6 na jouli 850. Nishati unaihesabu mwenyewe: uzito wa kichwa kwa kilo, mara kasi, mara kasi tena, gawa kwa mbili. Kichwa cha gramu 11.7 cha .30-06 kinachotoka kwa mita 823 kwa sekunde kinatoa karibu jouli 3,960. Kinatosha kwa tandala. Kwa pofu hakifiki kiwango hicho, na kwa mbogo kisahau kabisa.

Angalia 9.3x62: kipenyo chake kinapita, lakini kartushi ya kawaida ya gramu 18.5 kwa mita 720 inatoa jouli 4,800 hivi. Kwa hiyo kwa pofu ni nzuri sana, ila kwa mbogo uliza sheria ya nchi unayowinda kabla ya kufunga mizigo. .375 H&H Magnum, iliyotoka mwaka 1912, inatoa karibu jouli 5,760 kwa kichwa cha gramu 19.4. Ndiyo kiwango cha chini cha mbogo katika sehemu kubwa ya Afrika ya kusini na mashariki, na kwa mtu mwenye bunduki moja tu hatujaona iliyo bora kuliko hiyo.

Hatua ya 2: Soma mtutu, usisikilize muuzaji

Kalibre imechongwa juu ya mtutu au kando ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu kartushi inapokaa). Inakili neno kwa neno, kisha linganisha na kile kilichochongwa kwenye kitako cha ganda la kartushi. Katanga kuna bunduki nyingi za zamani za Kijerumani na za Kibelgiji zilizorithiwa, na hapo ndipo hatari ilipo.

- 8x57 I na 8x57 IS si kitu kimoja. Ya kwanza ina kichwa cha milimita 8.07, ya pili milimita 8.22. Kupiga IS katika mtutu wa I kunapandisha shinikizo hadi bunduki inaweza kupasuka usoni mwako. (Wengine huandika J na JS. Ni zilezile.)
- 7x64 ni ya bunduki ya bolti, 7x65R ina ukingo na ni ya bunduki ya kukunja. Vilevile 9.3x62 na 9.3x74R.
- .308 Winchester ni fupi kuliko .30-06. Inaweza kuingia katika chemba isiyo yake. Kuingia si ruhusa ya kupiga.

Kama maandishi yamefutika, mpelekee fundi wa silaha apime chemba. Usikisie.

Hatua ya 3: Chagua namna kichwa kilivyotengenezwa

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo watu wanairuka.

Kichwa cha kuwindia kinatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana. Kichanuke kama uyoga ili kifungue jeraha pana, na wakati huohuo kishikamane ili kiendelee kupenya. Kikichanuka haraka mno kinavunjika juu juu. Kisipochanuka kinatoboa tundu jembamba na kutoka upande wa pili. Aina zifuatazo zinatofautiana katika jambo hilo tu.

*Ncha laini ya kawaida* (kartoni imeandikwa SP, kwetu demi-blinde). Ndani ni madini ya risasi, nje gamba jembamba la shaba, na viwili hivyo havikugandishwa pamoja. Ni ya bei nafuu, inachanuka haraka, na inaua vizuri ngiri, pongo na swala. Ikigonga mfupa wa bega la punda milia kwa mita 50, gamba linaweza kuachana na kiini, na kichwa kikapoteza nusu ya uzito wake au zaidi. Kwa ngazi ya pili tunaikubali tu kama ni nzito, kasi yake si kubwa, na mnyama amesimama ubavu.

*Kiini kilichogandishwa na gamba.* Humu wamo Norma Oryx, Nosler AccuBond, Woodleigh Weldcore na Hornady DGX Bonded. Kikichanuka, madini ya risasi yanabaki yameshikwa na shaba. Kwa miombo yetu, ambako mnyama anapigwa kwa mita 40 hadi 120 na kasi bado ni kubwa, hii ndiyo aina tunayomshauri mtu anunue kwanza.

*Chenye ukuta katikati.* John Nosler alikitengeneza baada ya mwaka 1946, alipompiga mnyama mkubwa wa Kanada aitwaye moose. Bega la mnyama lilikuwa limekauka matope, na vichwa vyake vya .300 H&H vikapasuka hapohapo juu bila kuingia ndani. Nosler Partition ina ukuta wa shaba unaotenga nusu ya mbele na ya nyuma. Ya mbele inachanuka na kumegeka, ya nyuma inaendelea na safari. Swift A-Frame ina ukuta huo na pia kiini cha mbele kimegandishwa, ndiyo maana inabaki na karibu uzito wake wote. Mbogo wetu naye anagaagaa kwenye matope hadi ngozi inakuwa na tabaka gumu, kwa hiyo somo la Nosler linamhusu mtu wa Katanga moja kwa moja. Kwa mbogo, A-Frame ya .375 gramu 19.4 ni risasi ya kwanza ambayo hatuna la kuilaumu.

*Shaba tupu.* Barnes TSX na TTSX, Hornady CX. Haina madini ya risasi ndani, ncha ina tundu, na ikigonga inafunguka petali nne au zaidi. Inabaki na uzito karibu wote na inapenya kuliko aina zote zinazochanuka. Ina masharti mawili: inahitaji kasi ya kutosha ili ifunguke, na ni ndefu kuliko kichwa cha madini ya risasi chenye uzito uleule. Tutayarudia masharti hayo chini.

*Kichwa kigumu,* yaani blinde ya kuwindia. Ni shaba nyeupe au shaba nyekundu iliyochongwa nzima, au gamba la chuma juu ya madini ya risasi. Hakichanuki kabisa. Kazi yake ni mbogo aliyejeruhiwa anayekimbia akikuonyesha mgongo, na fuvu la kiboko. Chukua chenye ncha bapa. Kinakwenda moja kwa moja ndani ya mwili kuliko cha ncha ya mviringo, ambacho huweza kupinda njiani. Kama bunduki yako ni ya mitutu miwili ya zamani, muulize fundi kwanza, kwa sababu vichwa vigumu vya kuchongwa huweza kuharibu mitutu yenye kuta nyembamba.

Onyo kuhusu blinde ya jeshi. Kartushi zilizoandikwa FMJ (gamba la metali hadi nchani) za 7.62 hazikutengenezwa kwa ajili ya wanyama. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi zinazochanuka mwilini, ndiyo maana za jeshi hazichanuki. Hutoboa pafu, mnyama anaondoka, na kesho yake unamkuta amevimba. Wala si kile kichwa kigumu cha mbogo tulichokieleza hapo juu, kwa kuwa hiki cha jeshi ni chepesi, chenye ncha kali, na hugeuka ndani ya mwili bila kufuata njia. Achilia mbali kwamba kuwa nazo ni kosa.

Hatua ya 4: Chagua uzito

Kanuni ni fupi. Kwa kalibre moja, kichwa kizito kilichotengenezwa vizuri kinapenya zaidi ya chepesi. Kwa wanyama wakubwa kaa upande mzito. Kartoni nyingi zinaandika uzito kwa greni, gawa kwa 15.4 upate gramu.

- 7x64: greni 160 hadi 175 (gramu 10.4 hadi 11.3)
- .308 Winchester: greni 165 hadi 180 (10.7 hadi 11.7)
- .30-06: greni 180 (11.7), na 200 hadi 220 (13 hadi 14.3) kama pofu yumo
- .300 Winchester Magnum: greni 180 hadi 200
- 8x57 IS: greni 196 hadi 200 (12.7 hadi 13)
- 9.3x62 na 9.3x74R: greni 286 (18.5)
- .375 H&H: greni 300 (19.4)
- .416 Rigby: greni 400 (25.9)
- .458 Winchester Magnum: greni 500 (32.4)

Kama umechagua shaba tupu, shuka ngazi moja: greni 165 au 168 kwa .30-06, 250 kwa 9.3, 270 kwa .375. Haitapunguza upenyaji, kwa sababu kichwa hakipotezi uzito ndani ya mnyama. Kikiwa kizito mno kinakuwa kirefu mno, na mifuo ya mtutu (mistari ya ndani inayoizungusha risasi) inashindwa kukizungusha sawasawa.

Kosa la kawaida hapa ni kuvutiwa na kasi. Kichwa cha greni 150 cha .300 Winchester Magnum kinatoka karibu mita 1,000 kwa sekunde, na kwenye karatasi ya matangazo kinapendeza. Kwa mita 30 katika miombo, kichwa hicho chenye ncha laini ya kawaida kitapasuka begani, kitaharibu kilo kadhaa za nyama, na mapafu hayataguswa.

Hatua ya 5: Angalia kasi pale kinapogonga, si pale kinapotoka

Nyuma au ubavuni mwa kartoni kuna jedwali la kasi kwa umbali. Soma safu mbili, ya umbali mfupi utakaopiga na ya umbali mrefu.

Kwa .30-06 greni 180 ya kawaida, kasi ni kama mita 823 mdomoni, 750 kwa mita 100, 690 kwa mita 200, 630 kwa mita 300. Vichwa vingi vya kuwindia vinahitaji mita 550 hadi 600 kwa sekunde ili vichanuke vizuri. Kwa shaba tupu shikilia 600 kama mpaka wako. Kwa hiyo .30-06 ya shaba haina tatizo hadi mita 300, na katika miombo hakuna sababu ya kupiga mbali hivyo. Ila katika tambarare za nyasi watu hujaribiwa. Usijaribiwe.

Upande wa pili, kasi ikipita mita 800 pale inapogonga, acha ncha laini ya kawaida nyumbani.

Hatua ya 6: Nunua kwa mpangilio

Nunua kwanza kartoni moja moja ya aina mbili ulizochagua. Ukishajua bunduki inapenda ipi (hatua ya 7), rudi ununue kartoni tatu zenye namba ileile ya toleo, iliyopigwa mhuri kwenye kartoni. Matoleo tofauti ya kiwanda kilekile huweza kugonga sentimita kadhaa mbali.

Kagua kila kartushi mkononi: ganda lisilo na ufa shingoni, kiwashio kisichobonyea, kichwa kisichocheza ukikisukuma kwa kidole, hakuna kutu ya kijani. Kataa kartushi zinazouzwa moja moja bila kartoni. Hujui zilikaa wapi, wala nani alizifungua. Na usinunue zilizojazwa upya na mtu usiyemjua.

Nyumbani, zihifadhi mahali pakavu na penye baridi, zimefungiwa, mbali na bunduki. Usiziache kwenye dashibodi ya gari mwezi wa kumi. Baruti iliyopata joto inapandisha shinikizo na kubadilisha mahali risasi inapogonga.

Hatua ya 7: Rekebisha shabaha kwa kartushi hiyohiyo

1. Safisha mtutu kwa dawa ya kuondoa shaba, hasa kama unahama kutoka aina moja kwenda nyingine. Kaushe.
2. Anza mita 25. Piga moja, rekebisha hadi uguse katikati.
3. Nenda mita 100. Weka mfuko wa mchanga chini ya mbao ya mbele. Usiuweke chini ya mtutu.
4. Piga tatu bila haraka. Ngojea mtutu upoe angalau dakika 5.
5. Pima kutoka katikati ya yale matundu matatu hadi katikati ya shabaha, kisha rekebisha darubini. Darubini nyingi za Ulaya zinasogeza sentimita 1 kwa kila mlio (klik) wa kirekebishi kwa mita 100, za Kimarekani kama milimita 7. Ukiwa chini sentimita 6 na kulia sentimita 4, kwa ya Ulaya ni milio 6 juu na 4 kushoto, kwa ya Marekani kama 9 na 6.
6. Rudia tatu. Matundu yakiingia katika duara la sentimita 5, inatosha kwa mnyama mkubwa. Usichome kartushi ukitafuta uzuri wa karatasi.
7. Piga mita 200 ujue inashuka kiasi gani. .30-06 greni 180 iliyolengwa sawa kwa mita 100 itashuka kama sentimita 14. .375 greni 300 itashuka kama 18. Andika unachokiona wewe.
8. Malizia ukiwa umesimama, bunduki juu ya vijiti vitatu, kwa mita 60. Porini hakuna meza.

Kabla hujaondoka uwanjani, jaza magazini na upitishe kartushi zote kwenye chemba moja moja, mdomo ukielekea ukuta wa udongo na kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Vichwa vya ncha bapa hukwama katika bunduki nyingine. Ni afadhali ujue leo.

Hatua ya 8: Jaribu upenyaji (kama unaweza)

Panga bidoni za maji za lita 5 mstari mmoja zikigusana, sita au saba, mbele ya ukuta wa udongo. Piga ya kwanza katikati kwa mita 50. Maji si mnyama, lakini yanakuonyesha tofauti ya kichwa na kichwa.

Kiokote kichwa, kikaushe, kipime. Kama kilikuwa gramu 11.7 na sasa ni 7.0, kimebaki na asilimia 60. Kwa ngazi ya kwanza ni sawa, kwa ya pili ni shaka, kwa pofu kiache. Unatafuta asilimia 80 na zaidi. Pima pia upana: kichwa cha milimita 7.8 kikifika 13 hadi 15, kimechanuka vizuri. Kikitawanyika vipande vipande katika bidoni ya kwanza na ya pili, umepata jibu kwa bei ya bidoni.

Hatua ya 9: Mahali pa kuiweka

Risasi bora haisamehi mahali pabaya. Mnyama akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu kwa upande wake wa nyuma, simama theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka chini. Hapo kuna sehemu ya juu ya moyo na mapafu yote mawili. Watu wengi hupiga juu mno na nyuma mno, wakilenga katikati ya mnyama mzima.

Kwa mbogo, moyo na mapafu viko mbele zaidi na chini zaidi kuliko unavyodhani. Magazini ipange hivi: ya kwanza chemba, kichwa imara kinachochanuka (A-Frame, kilichogandishwa au shaba tupu), na chini yake vichwa vigumu visivyochanuka. Sababu ya kutotanguliza blinde ni kundi. Inaweza kumtoboa uliyemlenga na kumjeruhi aliye nyuma yake, na sasa una mbogo wawili majanini. Baada ya ya kwanza endelea kupiga hadi aanguke, na hata akianguka piga tena.

Kwa pofu aliyesimama nusu akikutazama, kichwa kinapita begani na safari ndani ni ndefu. Kama una .30-06, ngojea ageuke.

Kalibre 12

Wengi wana kalibre 12 tu (bunduki ya marisau), basi tuseme wazi. Chevrotine, kartushi ya punje nyingi kubwa, haifai mnyama mkubwa. Punje moja ina gramu 3.5 hivi, na kwa mita 350 kwa sekunde inabeba kama jouli 210. Zikitawanyika, tatu zitagonga tumbo na moja mguu. Risasi moja nzima ya aina ya Brenneke ndiyo ya kutumia, hadi mita 50, kwa ngiri, pongo na nguruwe mwitu, katika mtutu usiobanwa mdomoni. Kwa mbogo hapana.

Mambo yanayoharibika, na dawa yake

*Mnyama amepigwa vizuri, hakuna damu chini.* Kichwa hakikutoka upande wa pili, au kimetoka kwa tundu dogo juu kifuani na damu inajaa ndani. Ngojea nusu saa, fuata nyayo ukiwa na mtu wa kuangalia mbele. Safari ijayo chukua kichwa kizito zaidi au kilichogandishwa. Kwa mbogo, usifuate peke yako kamwe.

*Tundu la kuingilia na la kutokea yako sawa kwa udogo.* Hakikuchanuka. Ama ni blinde, ama kasi ilikuwa ndogo, ama tundu la ncha ya shaba limeziba. Punguza umbali au badilisha aina.

*Nyama ya bega imekuwa uji wa damu.* Kasi kubwa, kichwa chepesi. Panda uzito. Na katika nyama hiyo usiogope kukata pana, sentimita 20 na zaidi kuzunguka njia ya risasi, kwa sababu chembe ndogo za madini ya risasi husambaa mbali kuliko jicho linavyoona. Madini hayo ni sumu, na watoto na wajawazito wasiipewe nyama ya karibu na jeraha. Kama familia inakula nyama ya porini mara kwa mara, nunua shaba tupu. Inagharimu zaidi, na inafaa kila faranga.

*Matundu yametawanyika sentimita 12 kwa mita 100.* Kaza kwanza skurubu za darubini na za mbao. Kisha safisha shaba mtutuni. Kama bado, bunduki haitaki kartushi hiyo, jaribu uzito mwingine. Matundu yakiwa ya mviringo mrefu badala ya duara, kichwa kinayumba: ni kirefu mno kwa mifuo yako, shuka uzito.

*Bolti ni nzito kufungua baada ya kupiga, au kiwashio kimebapa.* Shinikizo ni kubwa mno. Simama hapohapo. Usimalize kartoni. Angalia kama kartushi zimekaa juani, kisha peleka bunduki na ganda kwa fundi.

*Ncha laini zimebonyea ndani ya magazini.* Teke la bunduki limezisukuma mbele. Kubonyea kidogo hakuharibu kitu kwa umbali wa miombo, lakini zikiwa zimerudi ndani ya ganda, zitoe na usizipige.

*Umefyatua, haijalia.* Shikilia mdomo upande salama, hesabu hadi 60, ndipo ufungue bolti. Kama kiwashio kina alama hafifu, tatizo ni pini ya bunduki. Kama alama ni nzito, ni kartushi.

*Duka halina aina uliyoizoea na safari ni kesho kutwa.* Ukikuta nyingine ya uzito uleule na muundo uleule, inunue, lakini rudi uwanjani upige angalau sita kabla ya kuondoka. Ukikuta ncha laini ya kawaida tu, nenda nayo kwa ngiri na pongo, na permi ya pofu uiweke hadi safari nyingine.